Kistari cha Nondo

Niitikieni kwanza, kwa sauti, ndipo niseme. Asiyeitika tutajua katumwa.

Palikuwa na nchi. Si hii. Hii yetu haina mambo hayo, na nalisema kwa nguvu ili na yule aliyesimama dirishani alisikie. Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Mshikamano. Mimi niliolewa huko, nikafiwa huko, na meno yangu yamebaki huko. Kwa hiyo nikiisimulia, ni kwa kuisifu tu.

Rais wao tulimwita Mtukufu. Siku moja Mtukufu alikuwa anahutubia uwanjani. Karani aliyemwandikia hotuba alikuwa amefika ukingoni mwa karatasi kabla neno halijaisha, akalikata katikati: "wana" huku, kistari, halafu "nchi" ukurasa wa pili. Sasa Mtukufu alikuwa ametoka kula ubwabwa, na vidole vyake vilikuwa na ushahidi. Kurasa zikagandana.

"Ndugu zangu wana!" akanguruma Mtukufu, huku akihangaika kufunua karatasi. Ikagoma. Akarudia kwa nguvu zaidi. "Ndugu zangu wana!"

"Wa nani?" akauliza mlevi mmoja kutoka nyuma.

Uwanja mzima ukacheka. Mlevi alichukuliwa. Kicheko kilishindikana kuchukuliwa, kilikuwa kimeshaenea. Na Mtukufu alipokuwa garini anarudi Ikulu, akagundua kwamba adui wa taifa si njaa wala maradhi, kama alivyokuwa amedanganywa. Adui ni kale kamstari kadogo.

Ikaundwa Tume Kuu ya Vistari.

*

Kamishna Mkuu akawa Dokta Sekibaha, mtoto wa Milimani, aliyekwenda ng'ambo kusomea pengo lililopo kati ya neno na neno. Alirudi na shahada, tai, na kikohozi kipya. Naibu wake akawa Bwana Pondamali, ambaye alikuwa ameahidiwa ukamishna huo na akashonesha na suti kabisa. Hawa wawili walichukiana kwa bidii ambayo wangeitumia kulima, nchi ingeshiba. Sekibaha akisema leo joto, Pondamali anafunga vifungo vya koti. Pondamali akipeleka samaki Ikulu, kesho yake Sekibaha anapeleka samaki mkubwa zaidi, akiwa bado anapapatika.

Siku ya kuzindua Tume, Dokta alipanda jukwaani, akakohoa kile kikohozi, akasema:

"Maneno ni kama raia. Yapo yaliyofungamana, hayo yanaandikwa pamoja kwa sababu yanapendana. Yapo yasiyoaminiana, hayo yanawekewa kistari. Na yapo yaliyotengana, hayo yanaachwa hivyo hivyo mpaka yatubu."

Mwalimu mmoja, maskini, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, tutajuaje lipi ni la kundi lipi?"

"Kistari," akajibu Dokta, "kinatumika pale kinapotumika."

Tukapiga makofi mpaka viganja vikatoa moshi. Mwalimu yule alihamishiwa shule isiyo na paa, kisha akahamishiwa isiyo na wanafunzi. Nasikia anaendelea vizuri, nidhamu iko juu.

*

Mwanzoni vistari vilikuwa vya wino, na hatukuona shida. Mimi darasa la nne niliishia, wino haunisumbui. Lakini serikali ikishaanza kupanga, kupanga kunanoga. Toka kwenye maneno wakahamia kwenye vitu.

Wakaguzi wakamkuta muuza chipsi mayai pale sokoni, kikaango kinachemka.

"Hizi chipsi na haya mayai vina uhusiano gani?"

"Vimeshikana tu, mkuu. Ndiyo mapishi yake."

"Kwa kibali cha nani?"

Kesho yake akawa anachomeka vijiti vya meno katikati ya kila kipande. Ukila unachomwa ulimi, lakini unachomwa kihalali. Mama lishe naye akaambiwa achague moja: ama mama, ama lishe. Akachagua lishe, wanawe wakapelekwa kwa bibi yao.

Halafu wakaja kwa watu.

Amri ilisema: watu wawili waliounganishwa na jambo moja lazima kistari kionekane. Wakatengeneza vya nondo, vimepakwa rangi nyeupe, urefu wa mkono, na pingu kila ncha. Mume huku, mke kule. Harusi zikawa na mlio wa gereji. Ndoa nyingi zilidumu, maana zingeenda wapi? Yupo mke mmoja alijipaka samli kiganjani, akachomoka akaenda kwao. Mumewe aliendelea kutembea na ile pingu tupu inaning'inia, anaisalimia asubuhi.

Na Dokta Sekibaha akatunga kanuni ya kufungua. Ilisema: kistari kikishafungwa hakifunguliwi ila kwa hukumu ya Kamishna, au ya Naibu wake kama Kamishna hawezi kukaa barazani; na hakuna atakayehukumu shauri linalomhusu mwenyewe. Aliipenda sana kanuni hiyo. Aliitia fremu, akaitundika ofisini chini ya picha ya Mtukufu.

*

Sasa niwaambie habari ya Kalunde.

Kalunde ni mke mwenzangu. Marehemu Shebughe alinioa mimi Nyamizi kwanza, kisha akaenda kununua mbegu za alizeti, akarudi na Kalunde. Mbegu alisahau. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote. Nilimmwagia uji wa moto, akanikatia kamba ya kuanikia nguo zangu nyeupe zikalala matopeni. Akipika yeye, natia chumvi akigeuka. Nikipika mimi, anatia mchanga. Shebughe akawa anakula kwa jirani.

Halafu Shebughe akafa. Watu walipomaliza kula wakaondoka, tukabaki wawili, tunaangaliana. Kalunde akasema, "Alikuwa anakoroma kama mashine ya kusaga." Nikasema, "Na miguu yake ilikuwa baridi kama chura." Tukacheka mpaka tukalia. Hapo nikagundua kwamba dunia nzima hakuna mwingine ninayeweza kumsengenya naye mume wangu.

Tangu hapo hatukuachana. Nyumba moja, jiko moja, kitanda kimoja maana uzee una baridi. Yeye macho yake yamechoka, mimi namtungia uzi sindanoni. Mimi mgongo wangu una mahali mkono haufiki, yeye anafika. Mnaweza kucheka. Ngojeni mgongo wenu uwashe na nyumba haina mtu.

Wakaguzi walipofika kwetu walikuja na wakubwa wenyewe, Kamishna na Naibu.

"Ninyi ni nani?" akauliza Dokta.

"Wake wenza, baba," nikajibu.

"Mke mwenza," akasema Pondamali, "ni jambo la kistari. Wafungwe."

"Ni maneno mawili yaliyotengana," akasema Dokta, kwa sababu Pondamali ndiye aliyesema kwanza.

"Kistari!"

"Pengo!"

Wakagombana kizingitini kwangu mpaka uji ukaungua. Mwishowe Kamishna akatumia cheo. Pengo likashinda. Wakamwamuru Kalunde apande gari, apelekwe Kambi ya Maneno Pweke, nyuma ya Milimani, wanakowekwa watu wasioambatana na kitu.

Alipandishwa kwa kuvutwa mkono. Hakulia. Aligeuza yale macho yake yasiyoniona vizuri, akapiga kelele, "Nyamizi! Usile kuku wangu!"

Ndiyo njia yake ya kuaga.

*

Nilikwenda ofisini. Nilivaa kanga mpya, nikakaa kwenye benchi na wale waliofungwa wawili wawili, kila mmoja akiinuka anamwinua mwenzake. Nilipoingia, Dokta hakunitazama.

"Baba, nimekuja kumwomba Kalunde wangu."

"Bibi," akasema, akakohoa, "ninyi mliunganishwa na mume. Mume hayupo. Kilichobaki hapo ni nafasi tupu."

"Lakini tumezoeana, baba."

"Mazoea si sarufi. Vikongwe wawili hata mkiwekwa pamoja hamfanyi neno. Mwingine!"

Nikasema, "Ahsante sana, baba. Mungu akuzidishie."

Nilisema kwa upole kabisa. Marehemu mume wangu, nikimwambia ahsante kwa sauti ile, alikuwa anaanza kutafuta viatu vyake.

Nikarudi nyumbani. Mgongo uliniwasha wiki nzima. Nikajikuna kwa mwiko, nikasubiri. Mtu mwenye kisasi haendi mbio. Anapalilia.

*

Mungu naye si mjinga. Mama yake Dokta akafariki, Bi Mkunde wa Milimani. Mama yule hakuwa na kosa lolote ila kuzaa.

Sasa sisi watu wa Bondeni na watu wa Milimani ni watani. Zamani babu zetu waliibiana ng'ombe mpaka wakachoka, wakaona heri wabaki kutukanana. Na mtani msibani ana ruhusa yake. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye. Anaweza kubeba chungu cha wali. Anaweza kushuka kaburini akalala, na maziko yakasimama mpaka apewe anachotaka. Wala hakuna wa kumgusa. Anayemtoa mtani kaburini kwa mkono, kaburi linalofuata ni la kwake. Askari wote wanalijua hilo, maana askari nao wana mama.

Mtukufu mwenyewe alikuja kuzika. Kwa hiyo barabarani paliwekwa kizuizi, na vistari vya nondo vimerundikwa kama kuni, kila waliokuja wawili wanafungwa. Nilipofika, askari akaniuliza, "Uko na nani, bibi?"

"Peke yangu, mwanangu. Mimi ni neno pweke."

"Pita."

Wao ndio walionifanya mpweke. Nikapita bure.

Nikafika makaburini, jeneza ndiyo linaletwa. Nikavua kandambili zangu, nikaziweka vizuri pembeni, nikateremka. Nikajilaza, nikajifunika kanga usoni. Kulikuwa na ubaridi mzuri humo.

"Nani huyo?" nikasikia juu.

"Ni mtani! Mtani kashuka!" wanawake wakapiga vigelegele.

Dokta akainama ukingoni. "Bibi! Toka humo!"

"Nani anayeita? Nimelala."

"Mama yangu yuko juani!"

"Apange foleni. Mimi ofisini kwako nilipanga."

Watu wakaguna kwa raha. Dokta akakohoa, lakini kikohozi hakikutoka vizuri.

"Mpeni mbuzi!" akasema.

"Mbuzi nitamla na nini? Meno yangu nchi yako imeshayachukua."

"Mpeni blanketi!"

"Udongo una joto lake."

Mtukufu alikuwa kitini, mwavuli umeshindwa na jua. Nikamsikia anauliza, "Huyo mama anafanya nini?" Na Bwana Pondamali akawahi kujibu, sauti inameremeta kwa furaha, "Ni mtani wa Kamishna, Mtukufu! Ni haki yake! Tukimgusa ni mkosi, hasa kwa aliye mkubwa kuliko wote hapa." Kumbe Mtukufu anaogopa mkosi kuliko uchaguzi. Akasogeza kiti nyuma.

"Sekibaha," akasema, "mpe anachotaka. Mimi nina jua."

Dokta akainama tena. Jasho lake likanidondokea kwenye kanga. "Bibi, unataka nini?"

Nikafunua uso. "Namtaka Kalunde."

"Kalunde gani?"

"Ile nafasi tupu."

Akakumbuka. Niliiona inaingia machoni mwake, taratibu, kama mwiba. Akataka kusema habari ya taratibu na mamlaka, Mtukufu akapiga fimbo chini. Gari la Kamishna, lenye bendera, likaondoka mbio kwenda Kambini. Jeneza likatuliwa. Sisi tukangoja, mimi kivulini, wao juani. Nikawaimbia nyimbo alizokuwa anazipenda Bi Mkunde, zile za kuwasema wanaume.

Kalunde akaletwa. Amekonda, lakini mdomo uko vilevile. Akashikwa mkono mpaka ukingoni.

"Nyamizi, uko humo?"

"Nimo."

"Umekula kuku wangu?"

"Mmoja tu."

"Yupi?"

"Yule mwenye madoa."

"Mshenzi wewe!" akasema, na sauti ikamkatika katikati. Mimi nikajifunika kanga tena, vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

*

"Sasa umeshapewa," akasema Dokta. "Toka tuzike."

"Mimi nimepewa," nikasema. "Lakini Kalunde ni wa Bondeni pia."

Kalunde hakuhitaji kuelezwa. Hajawahi kuhitaji, ndiyo maana tulikuwa tunagombana vizuri. Akavua viatu, akateremka, akanipiga kiwiko. "Sogea huko. Hata kaburini unajaza mahali pote." Tukajibana ubavu kwa ubavu.

"Na mimi ni mtani," akatangaza. "Mwenzangu kapata chake, mimi changu bado."

"Sema haraka!" Mtukufu akaguna.

"Mtukufu baba, mimi sioni vizuri, lakini nasikia. Tangu nifike hapa nasikia wake wenza wawili wanapigana vikumbo juu ya kichwa changu, na hawana kistari. Hii sheria ni ya maskini tu?"

"Wake wenza gani?"

"Si hao hapo, Kamishna na Naibu? Mume wao mmoja, anakaa Ikulu. Huyu akimpelekea samaki, yule ananuna. Huyu akipika, yule anatia mchanga. Mimi uke wenza naujua, baba, nimeula ujana wangu wote. Wafungwe, ndipo nitoke."

Hata nzi walisimama. Mlevi wa siku ile angekuwepo angemwonea wivu.

Halafu Mtukufu akacheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, mwavuli ukaanguka. Hakuwa amecheka hadharani tangu siku ya ubwabwa, na nchini kule kicheko cha Mtukufu kina nguvu ya sheria. Mawaziri wakacheka. Majenerali wakacheka. Jeneza, nadhani, lilicheka, maana Bi Mkunde alipenda utani.

"Wafungwe!" akasema Mtukufu, akipangusa machozi.

Nondo zilikuwa pale pale kizuizini. Askari aliyeileta alichagua moja fupi. Mkono wa kulia wa Sekibaha, mkono wa kushoto wa Pondamali. Ilipolia *kach*, nilijisikia kama mtu aliyekunwa mahali mkono wake haufiki.

Tukatoka. Bi Mkunde akazikwa vizuri, nami nikamlilia kwa haki, alikuwa mtani mwema. Mwanawe kila alipotupa udongo kwa mkono ule, nusu uliingia kwenye viatu vya Naibu.

*

Walikwenda ofisini moja kwa moja kufunguliwa. Lakini palikuwa na ile kanuni kwenye fremu. Kamishna hawezi kuhukumu, shauri ni lake. Naibu hawezi, shauri ni lake. Mtu mwingine hakutajwa, kwa kuwa Dokta hakutaka mwingine atajwe. Mtukufu angeweza kufuta kwa neno moja, ila kila akiwaona wanaingia Ikulu, mmoja akikwama mlangoni na mwingine yuko ndani, anacheka mpaka anasahau walichomjia.

Basi wanakaa kiti kimoja na nusu. Dokta akiandika, kiwiko cha Pondamali kinamgusa, vistari vyote vinatoka vimepinda. Kwenda chooni wanapiga kura, na kura zinalingana. Mashauri hayasikilizwi, wakaguzi wamechoka kungoja maagizo, walinzi wa Kambi wamekwenda kulima. Watu wakaanza kukata nondo zao kwa msumeno, wakazijengea mabanda ya kuku. Kuku wa Kalunde wana banda imara kuliko shule ya yule mwalimu.

Sisi kila Ijumaa tunakwenda kuwaona. Tunakaa mbele yao, tunawachukulia karanga.

"Mnaendeleaje, wenzetu?" anauliza Kalunde. "Nani anamkoromea mwenzake?"

"Yeye," wanasema wote wawili.

"Bibi," Dokta aliniambia Ijumaa moja, na kikohozi kilikuwa kimemtoka kabisa, amebaki na sauti ya mtoto wa Milimani. "Bibi yangu, nakuomba. Nondo hii itafunguliwa lini?"

"Kistari kinatumika pale kinapotumika, baba. Chukua karanga."

Akainamisha kichwa. Pondamali naye akainamisha, hakuwa na hiari. Ndipo Pondamali akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza dawa:

"Lakini ninyi mlichukiana miaka yote hiyo. Mlifanyaje mpaka mkapatana?"

Nikamtazama Kalunde. Kalunde akatafuna karanga yake mpaka ikaisha.

"Hatukufanya kitu, wanangu," akasema. "Tulingoja mume afe."

Na wale wawili, kwa mara ya kwanza tangu waumbwe, wakageuza shingo pamoja, polepole, upande mmoja: ukutani, juu ya ile fremu, ilipotundikwa picha. Askari wa mlangoni akaanza kukagua viatu vyake.

Mimi nikamshika Kalunde mkono, tukaondoka. Anayechelewa kuondoka huitwa shahidi.